Wagoni kubwa na hofu ya mkia

Maji yakipwa Magogoni, Dar es Salaam, daraja la kupandia pantoni huinama sana, na hapo gari fupi na gari refu hutengana. Toyota IST inateremka, inapanda sitaha, hakuna aliyegeuza shingo. Nyuma yake inafuata Subaru Outback ya rangi ya fedha, watoto watatu kiti cha nyuma, buti limejaa vikapu na mkungu wa ndizi. Mfanyakazi wa pantoni anarudi kinyumenyume huku akimvuta dereva kwa mikono miwili: "Njoo, njoo, njoo... kata kushoto... nyoosha... njoo!" Pua inapita salama. Kisha chini ya bampa ya nyuma unasikika mkwaruzo mfupi, kama wa sufuria inayoburutwa sakafuni. Abiria wa miguu wote wanatazama. Dereva anashusha kioo, anachungulia, anakipandisha tena kimyakimya. Mbele ya boneti yake kuna bajaji, nyuma yake limeshasogezwa guta la madafu, na hadi Kigamboni hana la kufanya ila kukaa na aibu yake.

Mikwaruzo ya namna hiyo husimuliwa mara nyingi kuliko inavyotokea. Ndiyo inayomfanya mtu aliyekwenda yadi na pesa mfukoni aizunguke stesheni wagoni mara mbili, aifungue buti, aisifie, halafu akalipie gari jingine kabisa. "Nzuri, ila ndefu." Katika biashara ya magari yaliyotumika, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi, hakuna hukumu inayotolewa haraka kama hiyo, wala inayopimwa kidogo kama hiyo.

Maana futi kamba ina majibu mengine. Toyota Harrier iliyotoka mwaka 2003, ile ambayo Watanzania waliibatiza "tako la nyani", ina urefu wa mita 4.73 na upana wa mita 1.84 na ushei. Outback iliyotoka mwaka huohuo ina urefu wa mita 4.73 na upana wa mita 1.77. Urefu ni uleule. Kwa upana, Harrier inaizidi Outback kwa zaidi ya sentimita 7, na sentimita 7 kwenye kichochoro cha Sinza ni kioo cha pembeni kubaki au kung'oka. Pamoja na hayo, hakuna aliyewahi kuiita Harrier gari refu. Huitwa gari la juu.

Kinachodanganya ni jicho. Harrier ina kimo cha mita 1.67 hivi, Outback ile ina mita 1.54; mwili wenye urefu uleule ukishushwa chini huonekana kunyooka zaidi, kama ngazi iliyolazwa barazani inavyoonekana ndefu kuliko ikiegemezwa ukutani. Dereva naye, akikaa juu, huona boneti yote mbele yake na hujiona analitawala gari. Akikaa chini, pua humzama machoni na mkia huwa mbali nyuma ya bega. Kumbe huyo wa juu ndiye asiyeona vilivyo karibu. Magari mengi ya kimo yatokayo Japani yana kioo kidogo cha ziada upande wa kushoto wa boneti kwa sababu hiyohiyo: mtoto aliyesimama karibu na pua haonekani kutoka kwenye usukani.

Basi swali la mnunuzi linagawanyika. Kuna vipimo ambavyo dereva hujifunza, na baada ya wiki mbili tatu akavisahau. Na kuna vipimo ambavyo hata akiliendesha gari miaka kumi havitamsamehe siku hata moja. Urefu umo katika fungu la kwanza. Upana na uvungu vimo katika la pili. Wanunuzi wengi huuogopa urefu na kuviacha upana na uvungu bila kuviuliza.

Kwa nini dereva wa Afrika Mashariki huiona wagoni kubwa kama meli? Jibu limeandikwa Tokyo. Japani huyatenga magari madogo ya abiria kwa kibao cha namba kinachoanza na 5: lisizidi urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7, kimo cha mita 2, wala injini ya petroli ya cc 2000. Likivuka kipimo kimoja tu, hupewa namba inayoanza na 3, na hadi 1989 kodi ya mwaka ya namba 3 ilikuwa kubwa kwa mbali. Tena Mjapani hasajili gari kabla ya kuonyesha ana mahali pa kuliegesha, na minara mingi ya maegesho ya mjini hailikubali gari lenye kimo kinachozidi mita 1.55. Viwanda vikabana mbavu. Ndiyo sababu Vitz, IST, Fielder, Probox na Noah nyingi zina upana unaokaribia kuwa mmoja, mita 1.69 na nukta. Mtu aliyejifunzia udereva kwenye Vitz ya mjomba, akanunua IST, akahamia Noah, amebadilisha magari matatu bila kubadilisha upana. Mkono wake unaijua mita 1.7 tu.

Wagoni kubwa ndizo zilizoivunja mita hiyo. Subaru Legacy ya wagoni ilianza 1989 ikiwa ndani ya kipimo. Mwaka 2003 ikafika mita 1.73, mwaka 2009 mita 1.78. Outback, ambayo ni Legacy iliyonyanyuliwa, ilikwenda mbele zaidi: mita 1.77 mwaka 2003, 1.82 mwaka 2009, 1.84 mwaka 2014, na ile iliyoingia sokoni Japani 2021 ina mita 1.87 na nusu sentimita juu yake. Aliyekuwa akiunenepesha mwili huo ni Mmarekani, ambaye ndiye mteja mkubwa wa Subaru na ambaye gari hilo lilikuwa likiundwa nyumbani kwake, Lafayette, Indiana. Wajapani wenyewe walilalamika kwamba Legacy yao imekuwa ya watu wengine. Mwaka 2014 Subaru ikaitoa Levorg kwa ajili yao, mita 4.69 kwa mita 1.78, na Legacy ya wagoni ikafutwa kwenye soko la nyumbani.

Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye IST ya kwanza na kuingia kwenye Outback ya 2009 anaongezewa sentimita 92 za urefu na sentimita 12 na nusu za upana. Sentimita 92 zinatisha. Ni hatua nzima ya mtu mzima. Hizo 12 na nusu zinaonekana si kitu, sita hivi kila upande. Lakini nguzo za geti hazisogei kwa mazoea.

Urefu wenyewe si mgeni kwetu. Kabla ya Japani kulijaza soko, familia na wasafiri wa Afrika Mashariki walibebwa na Pijo. Peugeot 504 ya Familiale, yenye safu tatu za viti, ilikuwa na urefu wa mita 4.80, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma mita 2.90, kuzidi hata Outback ya 2009 ambayo ina mita 2.745. Ilibeba watu saba kihalali, na wengine kwa kubanana, kwenye njia za masafa marefu nchini Kenya. Kiwanda cha Mombasa kiliziunganisha 504 hapohapo pwani. Jina la Pijo lilikuwa limeshakuzwa na mashindano ya Safari: Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda na 404 mwaka 1966 na 1967, kisha Ove Andersson akaja kushinda na 504 mwaka 1975. Jambo la kutazama ni upana wa 504: mita 1.7 hivi. Babu zetu waliendesha gari refu kuliko Outback ya 2009 lakini jembamba kama IST, na hakuna aliyelalamikia urefu.

Pengine ni kwa sababu hawakuanzia kwenye usukani. Dereva wa Pijo mara nyingi alikuwa utingo kwanza. Alilijua gari kwa nje kabla ya kulijua kwa ndani: amelipiga bodi kwa kiganja mara elfu, amepanga mizigo juu ya keria, amesimama nyuma yake akipiga kelele "rudi, rudi, bado, bado, hapo!" Alipokabidhiwa funguo alikuwa na ramani ya mwili mzima kichwani. Mnunuzi wa leo anakabidhiwa funguo yadini saa kumi jioni, na saa kumi na moja yuko kwenye foleni ya Mwenge na gari asilojua linaishia wapi.

Kulijua linapoishia ni kazi ya asubuhi moja ya Jumapili, kwenye uwanja wa shule uliotulia, na ndoo mbili za plastiki. Ndoo moja inawekwa nyuma, dereva anarudi polepole hadi anapodhani amebakiza nusu mita, anashuka na kutazama. Karibu kila mara atakuta amebakiza zaidi ya alivyodhani. Mtu aliyetoka kwenye gari fupi huacha mita nzima, wakati mwingine mbili. Hapo wagoni ina fadhila ambayo wanaoiogopa hawaijui. Katika gari la saluni, buti hujitokeza nyuma kama droo iliyoachwa wazi, na dereva haioni. Katika wagoni, kioo cha nyuma kinaposhuka ndipo gari linapoishia; bampa inaongeza sentimita chache tu. Kwa urefu uleule, wagoni ni rahisi kurudisha nyuma kuliko saluni. Usiku, mwanga wa taa za breki ukutani humaliza kazi: unavyosogea ndivyo unavyokaza na kupungua upana.

Pua ni ngumu zaidi kuliko mkia. Dereva hulijua hilo kituo cha mafuta, akijitazama kwenye kioo cha duka: taa zake ziko mbali na kioo kuliko moyo wake ulivyomwambia.

Somo gumu kuliko yote ni kona, na hapa hesabu ina manufaa kuliko ushauri. Gari likikata kona, tairi la nyuma halifuati njia ya tairi la mbele, hukata kwa ndani. Kadiri ekseli mbili zinavyoachana ndivyo linavyokata zaidi. Outback ya 2009 hugeuka kwa mduara wenye nusu kipenyo cha mita 5.5. Kwenye mduara huo, tairi lake la nyuma huingia ndani sentimita 73 hivi kuliko la mbele. IST, ambayo ekseli zake zimeachana mita 2.37, ikizungushwa kwenye mduara huohuo huingia sentimita 54. Tofauti ni karibu sentimita 20, na sentimita 20 hizo ndizo zinazouchora mlango wa nyuma wa kushoto. Ukikuta wagoni mtaani yenye jeraha, litazame liko wapi. Mara chache liko kwenye mkia unaoogopwa. Mara nyingi liko ubavuni, juu ya tairi la nyuma, mahali ambapo nguzo ya geti ilikutana na dereva aliyekata kona kama anaendesha Vitz. Dawa yake ni kuchelewa: pua ivuke nguzo kwanza, ndipo usukani ukatwe. Mkono ukishaizoea ile nukta ya kuchelewa, dereva haifikirii tena.

Kamera ya nyuma na sensa husaidia, ingawa gari likitoka Japani moja kwa moja humsalimia mwenyewe kwa Kijapani kila asubuhi, humwonya kwa Kijapani, na ramani yake humwonyesha yuko katikati ya bahari. Wenye magari huishia kuielewa milio tu. Kamera nayo ina hasara moja: hutazama nyuma, wakati kinachogongwa kiko ubavuni.

Yote hayo hujifunzika. Uvungu haujifunziki.

Hapa ndipo uchaguzi kati ya wagoni na wagoni unapokuwa na maana, na ndipo matangazo ya yadi yanaponyamaza. Legacy ya 2009 ina uvungu wa sentimita 15. Levorg ina 13 hivi. Outback ya mwaka wowote kati ya hiyo iliyotajwa haishuki chini ya 20. Zikiegeshwa pamoja, mtu asiyezijua angedhani ni ndugu watatu wa mama mmoja. Zikifika kwenye tuta, kila mmoja ni wa ukoo wake. Gari lenye ekseli zilizoachana sana hupanda tuta kwa matairi ya mbele, kisha tumbo lote huning'inia juu ya kilele kabla ya matairi ya nyuma kufika. Kwa Legacy, tuta lenye pembe kali kuzidi nyuzi 12 hivi linagusa tumbo. Kwa Outback kikomo ni nyuzi 16 na zaidi. Hizo ni hesabu za gari tupu. Tuta la barabara kuu lililojengwa na wakandarasi hupitika kwa zote. Lile lililojengwa na wakazi wa mtaa kwa mawe na saruji baada ya mtoto kugongwa ndilo linaloamua.

Na gari la familia haliwi tupu. Weka watu watano, magunia mawili ya mpunga na debe la mafuta, mkia unakaa chini. Mafundi wana neno lake: "gari limelala." Sentimita 15 zinakuwa 11 au 10, na bomba la moshi linakuwa la kwanza kufika nyumbani. Suluhisho la gereji nyingi ni kuweka spesa juu ya shokapu, na gari kweli husimama, lakini spesa nene huzipindisha shafti za matairi kuliko zilivyokusudiwa, na baada ya miezi kadhaa huanza kile kilio cha tak-tak-tak kwenye kona. Springi ngumu za kiasi ni afadhali kuliko spesa nene. Bora kuliko vyote ni kununua gari lililotoka kiwandani likiwa juu.

Wafaransa walilijua tatizo hili zamani. Pijo ya wagoni haikupewa springi za saluni. Nyuma ilifungwa springi mbili kila upande, na ekseli nzima ngumu. Ilikuwa tayari kulala kabla haijazaliwa. Mercedes walikwenda njia nyingine. Wagoni yao ya kwanza ya kiwandani, iliyoonyeshwa 1977, ilikuja na mfumo wa kujinyanyua mkia wenyewe mzigo unapoongezeka, na wagoni za E-Class zilizofuata zikaurithi; ile ya 2009 ina mifuko ya hewa nyuma. Ni raha tupu kuiona ikijipandisha baada ya kupakiwa. Ni huzuni vilevile kuuona mfuko mmoja ukivuja, mkia umekaa chini upande kama mbuzi mwenye kidonda, na spea inatajwa bei ambayo kwa Probox ni injini nzima.

Kwa ukubwa wa buti, hata hivyo, Ulaya haina mshindani. Mercedes E ya wagoni ya 2009 ina lita 695, na viti vikilazwa 1,950. Skoda Superb ya 2015 ina 660, na vikilazwa 1,950 pia. Outback ya 2014 ina 559, Levorg 522, Fielder ya 2012 ina 407. Tofauti ya lita mia moja na ushei ni masanduku mawili ya safari, au ni mbwa, au ni kiti cha magurudumu cha bibi kuingia bila kukunjwa. Urefu unalipa hapo. Lakini E hiyo ina mita 4.9 na upana wa mita 1.85, na ukihesabu vioo vya pembeni inavuka mita 2.07. Superb ina 4.86 kwa 1.86. Hizi zilijengwa kwa barabara za Ujerumani, na hata Ulaya kwenyewe zimeanza kubana: nafasi ya kawaida ya maegesho Uingereza ni mita 2.4 kwa 4.8. Mzanzibari wa London anayeegesha Superb kati ya magari mawili hubakiwa na sentimita 54 za kugawana pande mbili. Mlango unafunguka robo. Mwenye kanzu anatoka kwa mbavu.

Probox na Fielder haziingii kwenye hesabu ya wagoni kubwa, lakini haziwezi kuachwa kwa sababu ndizo zilizoonyesha kwamba ukubwa wa mzigo si ukubwa wa gari. Probox ya 2002 ina urefu wa chini ya mita 4.2, na sehemu yake ya mzigo, viti vikilazwa, ni mita 1.81. Ilijengwa Japani kwa wachuuzi na mafundi. Kenya ikaifanya matatu na gari la miraa. Tanzania ikaifanya mchomoko wa kubeba abiria. Anayetaka kubeba tu, na asiyejali mgongo, hana haja ya kusoma zaidi ya hapa.

Upande wa usukani nao unabadili hesabu ya ukubwa. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto, usukani kulia, na dereva yuko katikati ya barabara akiona mbele. Burundi huendesha kulia, lakini magari mengi ya Bujumbura yametoka Japani na usukani wake ni wa kulia. Dereva anakaa upande wa mtaro. Ukingo wa kulia anaujua kama kiganja chake. Ule wa kushoto, unaopishana na malori, anaukisia. Kwake upana wa Outback ni mzigo mzito kuliko kwa mtu wa Arusha. Rwanda ilizuia usukani wa kulia mwaka 2005, hivyo mnunuzi wa Kigali huangalia Ulaya na Marekani, ambako hakuna aliyewahi kuambiwa abane mita 1.7.

Kodi haina mengi, ila ina mtego. Tanzania hutoza ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini ya cc 1000 hadi 2000, na asilimia 10 ikizidi hapo. Outback ya cc 2500 inaangukia 10, Levorg ya 1600 inabaki 5. Juu yake kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari lililozidi miaka 8 na asilimia 30 lililozidi 10. Kenya haina huruma ya namna hiyo: gari lililozidi miaka 8 haliingii. Ndiyo maana Legacy za wagoni zinazong'aa Ngong Road ni za waliowahi. Kwa kuwa Japani iliacha kuziuza 2014, hakuna nyingine inayoweza kushuka Mombasa kwa njia ya kawaida, na bei yake mkononi imekuwa ngumu kuliko umri wake unavyostahili.

Uamuzi, basi, unategemea kilomita ya mwisho. Anayeishi kwenye lami hadi mlangoni, awe Kileleshwa au Masaki, achukue Levorg, aokoe ushuru, na aufurahie mwendo wake. Mercedes E ni ya mwenye fundi anayemjua kwa jina na akiba ya mfuko wa hewa. Wengine wote, yaani watu wa Goba, Ruiru, Usa River na kila mahali lami inapokatika kabla ya nyumba, wakifuata ushauri huu wataichukua Outback ya 2009 au ya 2014, wakijua kwamba hiyo ya pili ina upana wa Harrier. Kipimo chake hakihitaji hata futi kamba: geti linaloipitisha Harrier ya jirani litaipitisha. Asiye na jirani wa Harrier apime nguzo zake kwanza, na avihesabu vioo.

Asisubiri sana. Aprili 2025, mjini New York, Subaru ilionyesha Outback mpya iliyonyanyuka na kupata pembe nne kama sanduku; ni wagoni kwa jina tu. Toleo la 2014 liliuzwa Japani hadi 2021, na kwa kanuni ya sasa ya Kenya, za mwaka huo wa mwisho zitaruhusiwa kushuka Mombasa hadi Desemba 2028.